Nilimjibu kwa aya, hajarudi tena

Shikamoo Mchungaji,

Ninafundisha vijana katika kanisa letu hapa Kigoma, huu ni mwaka wa sita. Theolojia sikuisomea. Nilipita kozi fupi ya wainjilisti, mengine nimejifunza mwenyewe usiku watoto wakishalala. Mwezi uliopita somo letu lilikuwa "Mungu Atawala Mataifa". Nilijiandaa vizuri, au nilidhani hivyo: Danieli 4, Warumi 13, na Matendo 17 pale Paulo anaposema kwamba Mungu aliyawekea mataifa nyakati na mipaka ya makazi yao. Nikaandika ubaoni, vijana wakanakili.

Yupo kijana mmoja wa miaka kumi na tisa anayekaa kwa shangazi yake aliyeolewa huku. Alivuka ziwa miaka miwili iliyopita akitokea upande wa Fizi, Kongo, baada ya kijiji chao kuchomwa moto. Baba yake "alibaki" kule. Hilo neno ni la shangazi, na sisi wote tunaelewa maana yake. Kijana ni mkimya. Anafika kabla ya wenzake, anapanga mabenchi, anapiga ngoma kwaya ikiimba. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aje, alinyoosha mkono. Akauliza: "Sasa Mwalimu, bale batu benye balichoma kwetu, njo Mungu alibatuma?"

Wenzake wakacheka kile Kiswahili chake. Mimi nikaona aibu, sijui kwa ajili yake au kwa ajili yangu, nikajibu haraka haraka: hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, njia zake si njia zetu, udongo haumhoji mfinyanzi. Akasema, "Asante, Mwalimu," akafunga daftari.

Leo ni Jumapili ya nne hajaonekana. Daftari aliliacha kwenye benchi, ninalo mimi. Nimelifungua, Mungu anisamehe. Kwa somo la siku ile ameandika kichwa cha habari tu, na chini yake amepiga mstari mmoja kwa nguvu mpaka peni imechana karatasi.

Nilimweleza mzee wa kanisa anayesimamia idara ya vijana. Akaniambia niachane naye, huyo analeta siasa kanisani, na nikianza kujibu maswali ya namna hiyo kesho wataniuliza ya serikali. Watawala wamewekwa na Mungu, akasema, habari imeisha.

Mchungaji, nilikosea wapi? Kama kweli Mungu ndiye anayetawala mataifa, si ndilo jibu lenyewe? Na kama silo, nimwambie nini huyu mtoto?

Mwalimu wa Vijana, Kigoma

*

Marahaba, Mwalimu.

Aya zako ni nzuri na sina hata moja ninayotaka kuifuta ubaoni. Ulichokosea ni anwani. Barua ya mtu mmoja umeipeleka kwenye nyumba ya mwingine.

Rudi Danieli 4, lakini safari hii usitafute kinachosemwa, tafuta anayeambiwa. Ni Nebukadreza. Anatembea juu ya jumba lake, anautazama Babeli chini, anajisifu kwamba ameujenga kwa nguvu za uwezo wake. Huyo ndiye anayepaswa kufundishwa kwamba Aliye juu "anatawala katika ufalme wa wanadamu, naye humpa amtakaye". Somo likamwingia kwa kula majani kama ng'ombe, na nywele zake zikaota kama manyoya ya tai. Kabla hayajampata, Danieli alimshauri la kufanya: aache dhambi kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini. Mstari wa 27 huo, nao kwenye masomo ya vijana huwa unarukwa. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hauna mnyama ndani yake.

Kwa hiyo neno lililotumwa kwa mfalme juu ya dari ulimpa mtoto aliyefika na mtumbwi. Mfalme likimfikia linamshusha. Mtoto ambaye tayari yuko chini, linamfukia.

Nilifundisha Agano la Kale chuoni miaka mingi, na nikiwa kijana nilikuwa nikijibu kama wewe. Kilichonibadilisha ni picha. Mwaka 701 K.K., Senakeribu mfalme wa Ashuru aliingia Yuda. Katika kumbukumbu zake anajivuna kwamba aliteka miji arobaini na sita yenye ngome, na kwamba alimfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Mji mmoja, Lakishi, ulimfurahisha kiasi kwamba aliagiza uchongwe kwenye kuta za mawe za jumba lake kule Ninawi. Mawe hayo yapo mpaka leo, yako katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Tafuta picha zake kwenye simu. Utaona minara, mishale, ngazi. Kisha sogea upande wa watu wanaotoka mjini. Kuna mkokoteni wa ng'ombe umepakiwa mizigo, juu ya mizigo wameketi wanawake na watoto. Kuna wanaume wanatembea kwa miguu na furushi begani. Mchongaji aliwachonga ili kumsifu mfalme, lakini mimi niliyeishi karibu na ziwa nikawaona ni watu ninaowafahamu. Nimewaona wakishuka ufukweni na sufuria moja, godoro lililokunjwa na mtoto amelala mgongoni. Kijana wako akiiona hiyo picha hatahitaji maelezo.

Sasa, siku zile zile za Ashuru kutamba, nabii Isaya akasema neno la kutisha. Sura ya 10: Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu. Ukiishia hapo, mzee wako wa kanisa ameshinda kesi. Lakini mstari wa 7 unasema Ashuru mwenyewe hakukusudia hivyo, moyoni mwake alikuwa na kuharibu tu na kukatilia mbali mataifa si machache. Na mstari wa 12 unasema Bwana akiisha kutimiza kazi yake atayaadhibu majivuno ya huyo mfalme. Halafu linakuja swali ninalolipenda kuliko yote katika sura hiyo: je, shoka lijisifu juu yake alitumiaye? Kutumiwa na Mungu hakukumpa Ashuru cheti cha utakatifu. Mwaka 612 K.K. Ninawi ulianguka mikononi mwa Wababeli na Wamedi, na kitabu cha Nahumu hakina hata chozi moja kwa ajili yake.

Na usisahau aliyesema kwamba Ashuru ni fimbo alikuwa nabii aliyetumwa, akisema na watu wake mwenyewe, juu ya dhambi za wakubwa wao wenyewe. Sura hiyo hiyo ya 10 inaanza na ole kwa wanaotunga sheria za kuwanyang'anya wajane na yatima haki yao. Hakuwa mtu wa kando anayewaelezea waliochomewa kwa nini wamechomewa. Wewe na mimi hatukutumwa na ujumbe huo kuhusu kijiji cha huyu kijana, wala mzee wako hakutumwa. Tena Hosea 8:4 Mungu mwenyewe anasema Israeli wamejiwekea wafalme, lakini si kwa shauri lake. Biblia ile ile inayosema mamlaka yatoka kwa Mungu inajua pia kuna wafalme ambao Mungu anawakana hadharani.

Tuje kwenye mipaka, maana nadhani hapo ndipo peni ilipochana karatasi.

Fungua Amosi 1. Nabii anaanza kuyaita mataifa mojamoja kama karani wa mahakama anayesoma majina: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Mataifa ya jirani hayo, ambayo hayakupewa torati ya Musa. Dameski ameshitakiwa kwa kuipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza kwa kuchukua watu, kijiji kizima, na kuwauza Edomu. Halafu Amoni, mstari wa 13: wamewapasua wanawake wenye mimba wa Gileadi. Kwa sababu gani? Nabii anaitaja: wapate kuongeza mipaka yao.

Soma hapo mara mbili, Mwalimu. Mungu uliyemwandika ubaoni kuwa ndiye aweka mipaka ni huyu huyu, na hapa tunaona anavyofanya mtu akiisogeza mipaka kwa damu ya mama mjamzito. Anafungua faili. Kisha angalia Moabu mwanzoni mwa sura ya 2: kosa lao ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Moabu si Israeli, Edomu si Israeli. Ni ugomvi wa majirani wawili, Israeli haimo kabisa, na Mungu ameukasirikia. Ndiyo maana ya kutawala mataifa katika kitabu cha Amosi: hakuna kijiji kilicho mbali mno kiasi kwamba kilichofanyika pale hakikuandikwa. Na mwisho wa kitabu, 9:7, anawauliza Israeli kama wao si sawa na Wakushi kwake, na kama si yeye aliyewatoa pia Wafilisti Kaftori na Washami Kiri. Kila kabila lina safari yake ambayo Mungu anaijua.

Hata Matendo 17 uliyoitumia, isome na mji wake. Paulo yuko Athene, kwenye Areopago. Waathene walikuwa na majivuno ya zamani sana kwamba wao hawakutoka popote, walichipuka kwenye ardhi yao wenyewe, wengine wote ni wahamiaji. Mbele ya watu hao Paulo anasema Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja. Nyakati na mipaka vinafuata baada ya hapo. Mtu akianzia kwenye mipaka na kuiruka "katika mmoja", anafika kubaya. Afrika Kusini walifika. Kanisa la Kireformed la Kiholanzi lilitoa taarifa mwaka 1974 iliyotumia aya hiyo na zile za mnara wa Babeli kuhalalisha kila rangi ikae kwake. Walioonewa wakasoma Biblia hiyo hiyo: kanisa dada la watu walioitwa machotara likaandika Ungamo la Belhar mwaka 1982, likalipitisha rasmi 1986. Mwaka 1985 wanatheolojia wengine wakatoa Waraka wa Kairos, wakikataa waziwazi Warumi 13 kutumiwa kama blanketi la kufunika udhalimu.

Hiyo Warumi 13 nitaisemea kidogo kwa ajili ya mzee wako, kwa heshima zote. Mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ni mtu mwenye bosi, na mwenye bosi huulizwa hesabu. Bwana Yesu akiwa amefungwa mbele ya Pilato alimwambia asingekuwa na mamlaka yoyote juu yake kama asingepewa kutoka juu, na katika pumzi hiyo hiyo akataja dhambi. Koreshi wa Uajemi Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, mpakwa mafuta, na bado mistari michache mbele anaambiwa mara mbili kwamba hakumjua Mungu. Kuna silinda ya udongo iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, haifiki urefu wa rula ya shule, imeandikwa kwa niaba ya Koreshi baada ya kuuingia mji mwaka 539 K.K. Humo aliyemshika mkono na kumchagua ni Marduki, mungu wa Babeli. Yaani mteule wa Isaya alikuwa anamshukuru mwingine! Kwa hiyo mtu akikwambia fulani ameteuliwa na Mungu kwa hiyo asiulizwe, mkumbushe Koreshi aliteuliwa bila hata kumjua aliyemteua.

Tena waliochoma kijiji kile hawakuwa mamlaka ya aina ambayo Paulo anaizungumzia. Walikuwa watu wenye bunduki. Kuwafunika na Warumi 13 ni kuwapa cheo ambacho hawakupewa na mtu.

Sasa kijana. Unauliza umwambie nini. Mimi ningeanza kwa kumwonyesha kwamba swali lake limo katika Biblia, karibu neno kwa neno. Habakuki ana sura tatu tu, mtu anazimaliza kabla ugali haujaiva. Anaanza kwa kumlalamikia Mungu: nilie hata lini, wewe usitake kusikia? Mungu anamjibu kwamba anawainua Wakaldayo, yaani Wababeli, taifa kali lenye haraka. Je, nabii alisema "Asante, Mwalimu" akafunga daftari? Hapana, alilalamika zaidi. Alimwambia Mungu usoni: wewe uliye na macho safi usiyeweza kutazama uovu, mbona unawatazama hawa na kunyamaza, mtu mwovu akimmeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Halafu akapanda kwenye zamu yake, akasimama kungoja atajibiwa nini. Na sura ya 2 inapojibu, haimkemei kwa kuuliza. Inamgeukia Mkaldayo kwa ole tano mfululizo, moja ikiwa ni kwa ajengaye mji kwa damu.

Umeona? Katika kitabu hicho imani kwamba Mungu anatawala mataifa ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kulalamika. Asiyeamini kuna mwenye nyumba hagongi mlango. Kijana wako aligonga. Wewe ukamjibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba asisumbuliwe.

Usijipige sana kwa hilo. Ulikuwa mbele ya darasa, wamecheka, umeshituka. Hata Yeremia alishikwa hivyo hivyo. Hanania, nabii aliyempinga, alimvua nira aliyokuwa ameivaa shingoni mbele ya watu hekaluni, akaivunja, akatangaza kwamba nira ya mfalme wa Babeli itavunjwa hivyo hivyo ndani ya miaka miwili. Sura ya 28 inasema Yeremia akaenda zake. Neno la kumjibu lilimjia baadaye. Mwalimu wa Biblia anaruhusiwa kusema, "Swali hilo ni zito, nipe wiki," na darasa halitaanguka.

Nenda kwa shangazi yake. Usiende Jumapili, maana Jumapili utaonekana umekuja kuhesabu mahudhurio. Msalimie shangazi kwanza, kaa, kunywa chai ukiletewa. Kijana akitoka, mwombe radhi kwa sentensi moja: "Uliuliza swali zuri nikakujibu vibaya." Usimalizie na "lakini". Muulize kwao palikuwaje, kabla ya moto. Walilima nini, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema anawachukia wale watu na anatamani wafe, usikimbilie kumfundisha msamaha siku hiyo. Zaburi 137 iliandikwa na watu waliochomewa mji, na mstari wake wa mwisho unatisha, na haukutolewa kitabuni. Siku yake ya kusamehe ni yake na Mungu wake.

Akirudia swali lake lile, njo Mungu alibatuma, mwambie ukweli: hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kukwambia ndiyo, na yeyote anayesema ndiyo mwulize nani amemtuma. Kisha msomee Amosi 1:13.

Darasani nako una kazi, na hii usiikwepe. Wale waliocheka "bale batu" uwaambie mbele ya wote kwamba walikosea, na useme na wewe ulikosea kwa kutowanyamazisha. Ufanye hivyo hata kama hajarudi. Somo rudia lote, anzia kwa Habakuki, na usiandike kitu ubaoni mpaka wameuliza wao kwanza. Mzee wako mwalike akae nyuma asikilize. Akisema ni siasa, mpe Biblia yake mwenyewe afungue Amosi asome kwa sauti, maana wazee wetu hupenda kusoma kwa sauti.

Na daftari mrudishie mkononi. Usimwambie kwamba ulilifungua, isipokuwa akuulize. Ule ukurasa uliochanika usiubandike gundi wala usiutoe.